Fundi Kesho na Njia Iliyomla Mguu

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, na kwa jina hilo hakuonewa. Ukimpelekea kiatu leo, alikuambia njoo kesho. Ukija hiyo kesho unamkuta amekishika mkononi, kimeshonwa, kimepakwa rangi, kinang'aa, nawe unanyoosha mkono upokee. Thubutu! "Kimeisha," anasema, "lakini sijakitembeza. Njoo kesho."

Kukitembeza, ndiyo. Huyu bwana alikuwa na ugonjwa wake. Alikataa katakata kumrudishia mtu kiatu ambacho yeye mwenyewe hajakivaa na kutembea nacho kutoka kibandani kwake mpaka kwenye kona, kisha akarudi. Alisema kiatu kikikaa mezani kinadanganya, hata kibovu kinatulia. Ukitaka kukijua, kisimamie. Na Mungu alimsaidia kwa namna yake: alikuwa pande la mtu, mabega yanajaza mlango, lakini miguu yake ilikuwa midogo kama ya kuazima. Karibu kila kiatu cha pale mtaani kilimwingia.

Kila kiatu, nimesema. Na wanawake nao wana viatu.

Vya kiume alivitembeza mchana kweupe, anasalimia watu huku na huku. Vya kike, hasa ile michuchumio yenye visigino virefu vyembamba, alivitembeza alfajiri kabla mtaa haujaamka. Mtu mmoja tu alijua, naye ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, kinyozi aliyekuwa na kibanda ukuta kwa ukuta na chake. Siku moja kinyozi alifungua mapema, akaona jitu lenye ndevu linakatiza mbele ya mlango wake, ko, ko, ko, mikono imetanuliwa, midomo imebanwa, macho mbele. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo viatu vyake vilitengenezwa bure, na asubuhi salamu yake ilikuwa moja: "Umeamkaje, dada?" Fundi alikuwa akimtupia brashi.

Sasa, kinyozi huyo na dada yake walikuwa na mama. Mama mkwe wa Fundi alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke aliyenyooka kama rula, na hakuwahi kuficha kwamba alitaka binti yake aolewe na mtu mwingine kabisa, mtu wa meza na kiti kinachozunguka. Miaka yote ile ya ndoa hakumwita Fundi mkwe, wala mwanangu. Alimwita Fundi, kama anavyomwita mteja yeyote anayepita njia. Fundi naye, ambaye haogopi mbwa wala askari wa mgambo, akimwona mama mkwe alikuwa anavuta shati liingie vizuri kwenye suruali.

Mama huyo alikuwa na jozi ya viatu vyekundu vya mchuchumio alivyojinunulia siku aliyostaafu. Alisema amesimama na malapa ya hospitali maisha yake yote, sasa atasimama anavyotaka yeye. Sherehe yoyote, viatu vyekundu. Basi kisigino kimoja kikalegea, akaja navyo kibandani, akaviweka mezani.

"Fundi," alisema, "usinitie aibu."

Jamani, Fundi alishika nyundo kama ni siku yake ya kwanza kuishika. Alikifungua kisigino, akakipa msumari mpya, gundi mpya, akakibana, akakilaza. Alfajiri akavitembeza. Akahisi kinayumba. Hakikuyumba hata kidogo, ni woga wake tu, lakini alirudi akakifungua upya. Alfajiri ya pili kilitulia, tena kilitulia vizuri sana, akaona haiwezekani. Alfajiri ya tatu akasema ngoja niende mara ya mwisho, nikimpa leo nimempa kwa roho safi.

Pale kwenye kona, njia ya waenda kwa miguu ilipita juu ya mtaro, na mtaro ulifunikwa kwa slabu za zege. Slabu moja ilikuwa na ufa. Kila mtu aliujua, kila mtu aliuruka, na manispaa ilishaambiwa mpaka waambiaji wakachoka. Fundi aliujua kuliko wote. Lakini asubuhi ile macho yake hayakuwa njiani, masikio yake yote yalikuwa kwenye kisigino. Kisigino kikaingia kwenye ufa, slabu ikakatika vipande viwili, na mguu wa Fundi ukazama mtaroni mpaka gotini. Kitu kikalia ka! Hakikuwa kisigino.

Kinyozi alisikia yowe akatoka mbio. Akaona shemeji yake amekwama njiani, mguu mmoja chini ya ardhi, mwingine umenyooshwa mbele kwenye kiatu chekundu kama mtu anayengoja kupigwa picha. Basi akampiga.

"Nimevunjika, mshenzi wewe!" Fundi alilia.

"Najua, shem, nakuja. Tulia hivyo hivyo." Akapiga na ya pili, kwa karibu, mwanga wa simu ukamulika mpaka chini mtaroni. Ndipo akakazia macho kile kiatu, na kicheko kikamkauka. "Shem. Hivi si viatu vya mama?"

"Vitoe! Vitoe kabla watu hawajaja!"

Alimtoa, akamvua, akamvisha makubazi yake mwenyewe, akavificha vile vyekundu kwenye droo ya kibandani kwake chini ya mashine za kunyolea. Majirani walipofika walimkuta Fundi amelala na makubazi, analia kiume. Alichokuwa anamwambia shemeji yake sikioni ni hiki: "Ifute hiyo picha. Niapie." Kinyozi akaapa. Hakuifuta. Wewe ungeifuta?

Hospitali daktari alimwonyesha picha ya mfupa na kumweleza bila kuzunguka: bila kuwekewa chuma, mfupa utaunga upande na atachechemea maisha yake yote. Chuma kilikuwa cha bei ambayo familia ile iliitazama kama unavyotazama ndege ikipita juu. Wakampiga plasta ya kungojea, wakampa magongo, wakamwambia arudi akiwa tayari, lakini asikawie.

Watu walimpa pole wakisema afadhali fundi viatu anafanya kazi amekaa. Hawakuelewa. Mikono ilikuwa mizima, alishona, alipiga gundi, lakini alikataa kumpa mtu chochote kwa sababu hakijatembezwa. Viatu vilirundikana mpaka kwenye kiti cha wateja. Na usiku, akigeuka kitandani, wazo lilikuwa lile lile: mguu ukishachechemea, kila kiatu kitachechemea. Atajuaje kama kosa ni la kiatu au ni la mguu? Hapo ufundi umekwisha, atabaki mpiga misumari tu. Alilia, nawaambieni, na hakusingizia mafua.

Mkewe, mwanamke asiyekubali kupunjwa hata chenji ya nyanya, hakuwa na muda wa kulia. "Njia ni ya nani?" aliuliza. "Slabu ni ya nani? Mtaro ni wa nani? Basi na mguu ni wao. Tunadai fidia."

Wakaenda manispaa. Afisa wa madai, kijana nadhifu aliyefunga tai mpaka unamwonea huruma, aliwauliza maswali taratibu. Lini? Wapi? Ulikuwa unakwenda wapi alfajiri yote ile? Fundi akasema alikuwa ananyoosha miguu. Halafu likaja lile swali.

"Ulikuwa umevaa nini miguuni?"

Jasho lilimtoka Fundi kwenye mgongo kama amemwagiwa. "Makubazi," alisema. Shemeji yake, aliyekuwa amemshikia magongo, alipatwa na kikohozi kikubwa hadi akatolewa nje apewe maji.

Na manispaa, tuliyoililia miaka nenda miaka rudi, siku iliyodaiwa ikapata mbio ambazo hatujawahi kuziona. Kabla hata ya mtu wao mmoja kuja kukagua, mafundi wao walifika asubuhi, wakang'oa zile slabu, wakachukua vipande vyote, wakaweka slabu mpya, nene, nzuri, ukiigonga kwa nyundo inayolia ni nyundo. Wakaondoka wanapiga mluzi. Mkaguzi alikuja baadaye, akarukaruka juu yake, akaandika kwamba njia ni nzima.

Mama mkwe naye alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alikagua plasta kwa macho ya kikazi, akauliza maswali ya kikazi.

"Pole, Fundi. Na viatu vyangu?"

"Kesho, mama."

"Mguu umebaki mmoja, kesho bado unazo?"

Fundi afanye nini maskini? Kiatu kimoja kilichubuka ngozi, hilo alishalirekebisha. Lakini tangu kile kishindo havijatembezwa, na yeye hatoi kiatu ambacho hakijatembezwa, hata mwenye kiatu awe ni mama mkwe, hata mwenye mguu awe hana mguu.

Kamati ya madai ikapanga siku ya kuwasikiliza. Jioni moja kabla ya siku hiyo kinyozi aliingia kibandani, akafunga mlango, akamwekea Fundi simu mbele ya pua.

Fundi alitoa macho. "Uliniapia!"

"Niliapa vibaya, nisamehe. Tazama lakini. Ufa huu hapa. Slabu imekatika hii hapa. Mguu huu hapa. Shem, shimo lenyewe limekwisha, wamelizika. Hili ndilo shimo pekee lililobaki duniani."

"Na viatu je?"

"Viatu navyo vipo, siwezi kudanganya. Vimetoka vizuri sana."

"Ukiitoa hiyo, mimi na wewe basi. Mama yako ataniona nimevaa viatu vyake! Mwanamume mzima! Afadhali nichechemee mpaka kaburini."

"Utachechemea kweli," kinyozi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa anatania. Aliirudisha simu mfukoni akaenda zake.

Siku ya kamati, chumba kilikuwa kirefu chenye feni moja inayozunguka kwa kusitasita. Mezani walikaa mwenyekiti, mzee mwenye miwani iliyoning'inia kwenye kamba, na wajumbe wawili wanaopiga miayo kwa zamu. Mabenchi yalijaa watu wenye madai yao. Fundi aliketi mbele na mkewe na shemeji yake. Mlango ukafunguka, nani kaingia? Mama mkwe, na pochi yake, na vikubazi vya bapa, maana viatu vyake vya kutokea vilikuwa kwa fundi.

"Binti yangu ana kesi," aliwaambia waliomwangalia. Akakaa.

Kijana wa tai alisimama, akasema njia ile imekaguliwa na ni nzima. Hakuna shimo, hakuna ufa, na hakuna mtu mwingine aliyevunjika pale. Majirani walimkuta ameshalala, hawakuona alivyoanguka. "Tena mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "mdai alivaa makubazi. Kazi yake ni kutengeneza viatu, na bila shaka hayo makubazi aliyatengeneza mwenyewe. Inawezekana yalikatika. Kazi ya haraka haraka, unajua tena hawa mafundi wetu."

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. Kikainuka.

"Haraka haraka?" alisema. "Mimi? Waulize hapa kama kuna mtu nimewahi kumfanyia haraka!"

Benchi la nyuma, ambako wateja wake hawakosekani, likasema kwa sauti moja: "Hajawahi!" Mtu akaongeza, "Changu anacho tangu masika!"

"Kimya," mwenyekiti alisema.

"Kazi yangu haikatiki!" Fundi alikuwa ameshasimama kwa mguu mmoja, gongo moja limeanguka. "Sema lolote. Sema mimi mnene, sema nililewa, sema nilisinzia. Usiseme kiatu changu kilikatika!"

Kijana hakutishika. "Basi tusaidie. Kama njia ni nzima, na kiatu ni kizima, mguu ulivunjwa na nani?"

Watu wakacheka. Mkewe akainamia mikono yake. Fundi akabaki amesimama, na kichwani mwake akauona mguu uliopinda ukimfuata mtaani maisha yake yote. Akamtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa hacheki, alikuwa anamtazama kama anavyotazama mtoto aliyezaliwa halafu hajalia. Fundi akapiga moyo konde.

"Shemeji," alisema, "toa picha."

Simu ilipita kwa kijana, kijana akatoa mlio wa ajabu, ikapita kwa wajumbe, miayo ikawaisha. Mwenyekiti akapandisha miwani. Alitazama muda mrefu, akaigeuza simu, akatazama tena.

"Huyu ni wewe?"

"Miguu ni yangu, mheshimiwa. Viatu si vyangu."

"Ulisema makubazi."

"Nilidanganya viatu. Sikudanganya shimo."

Chumba kilipasuka. Watu walipigana mabega, mmoja alishuka chini ya benchi. Mwenyekiti aligonga meza na yeye mwenyewe mashavu yanamcheza. "Na hivi viatu ni vya nani?"

Mama mkwe alikuwa ameshainuka, anatembea kuelekea mezani, na kadiri alivyotembea ndivyo kicheko kilivyokufa, benchi baada ya benchi. Akapokea simu. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Vyangu," alisema.

Fundi alitamani ule mtaro uje ummalizie.

"Kisigino kilikatika?"

"Hakikukatika, mama. Kipo. Kiko imara."

"Sasa kama kilikuwa tayari, kwa nini ulivivaa?"

"Natembeza kila kiatu kabla sijakitoa, mama. Vya kike natembeza alfajiri. Vyako nilivitembeza siku tatu."

"Siku tatu! Kwa nini tatu?"

"Kwa sababu ni vyako. Ukitoka kwangu unapita ile kona. Nilisema ukija ukaanguka na kisigino changu, mimi uso wangu nitauweka wapi?"

Mama mkwe alitazama ile picha tena, safari hii si kiatu, bali ule ufa na vile vipande viwili vya zege na giza la mtaro katikati. Alikuwa amepokea watoto wengi na kufunga mifupa ya wazee wengi, na alijua nyonga ya mwanamke wa umri wake ikivunjika mambo yanaishia wapi. Kiatu kile kile, kisigino kile kile, kona ile ile. Kilichobadilika ni mguu tu. Alifungua pochi, akatafuta leso, hakuiona, akaifunga.

"Mwenyekiti," alisema, na sauti yake ilikuwa na mchanga, "hapo chini ningekuwa mimi. Nisingekuja hapa na magongo. Msingeniona kabisa." Akamgeukia kijana wa tai. "Na wewe uliyeirukia slabu mpya ukasema njia nzima, ile ya zamani mmeipeleka wapi?"

Kijana alisema si yeye aliyeirukia, ni mkaguzi. Lakini alisema polepole, na tai aliilegeza.

Kamati iliamua siku ile ile: manispaa italipia chuma, hospitali na muda wote wa kukaa bila kazi. Mkewe alipiga kigelegele akanyamazishwa, akapiga kingine.

Mkidhani fidia ilitoka hapo hapo, hamjawahi kudai. Fundi alienda kwenye dirisha la malipo kwa magongo yake, na yule bwana wa ndani, bila hata kuinua kichwa, akamwambia, "Njoo kesho." Akarudi. "Njoo kesho." Kinyozi aliyemsindikiza ilibidi aegemee ukuta kwa kucheka. Fundi alisema sasa anaelewa wateja wake wanavyojisikia, na kwamba haikuwa lazima kuelewa kwa namna hii. Aliporudi tena, mama mkwe alikuwa pamoja naye. Aliinama dirishani.

"Mama yako nilimzalisha mimi," alimwambia yule bwana. "Siku ile ningemwambia njoo kesho, leo ungekuwa wapi?"

Wakalipwa kabla ya saa ya chakula.

Chuma kiliwekwa, mfupa ukaunga, plasta ikatoka, magongo yakarudishwa. Siku ya kwanza Fundi kuufungua mlango wa kibanda kwa miguu yake miwili, jua likiwa utosini na mtaa umejaa, mama mkwe alikuwa ameshafika. Amekalia kiti cha wateja, amekitoa mpaka nje, kando ya njia. Kwenye mapaja ameshika vile viatu vyekundu alivyovifuata mwenyewe kwenye droo ya kinyozi.

"Vivae," alisema.

"Mama, sasa hivi? Watu hawa wote?"

"Nimengoja kesho zako za kutosha. Vivae."

Kinyozi alitoka na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. Muuza matunda akaacha kupanga ndizi. Fundi akaketi, akavivaa, akasimama, jasho linamtiririka. Hatua ya kwanza aliogopa mguu, ya pili aliogopa watu, ya tatu akakisikia kisigino, na alipokisikia hicho akasahau vingine vyote. Ko, ko, ko, mpaka kwenye kona, juu ya slabu mpya, na mtaa mzima unapiga makofi na miluzi. Kinyozi aliita, "Dada, pole pole!" na hakutupiwa kitu.

Mama mkwe hakucheka. Aliinamisha kichwa upande, anasikiliza ule mwendo kama alivyokuwa akisikiliza mapigo tumboni.

"Cha kushoto sijakiona vizuri," alisema. "Geuka, mwanangu. Rudia tena."

Fundi aligeuka. Alirudia ile njia yote kutoka mwanzo, na ilibidi aende polepole, kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa maji na mbele haoni.